Maji ya Vibuyu Viwili

Mabinti zangu mnaobaki jikoni, mmeniomba niwaachie maneno kabla sijarudi kwetu Muheza, nami nimekubali kwa sharti moja: mtu asiniulize nilikuwa napata nini wala nilipanda cheo lini. Jikoni mwa pombe hakuna kupanda. Kuna anayekoroga, na kuna anayengoja mwenzake achoke. Nitakayoandika ni ya miaka ya hamsini, nilipokuwa najifunza na kidogo baada ya hapo. Yaliyofuata mmeyaona wenyewe, na mengine mliyafanya ninyi.

Nilifika Tanga mjini nikiwa mjane kijana. Shangazi yangu aliyekaa Makorora alinipeleka kwenye kilabu cha pombe, kwa mpishi mkuu, Mama Nyamizi. Alikuwa mama wa Kinyamwezi aliyekuja pwani na mumewe wakati wa manamba, wale vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge. Mume alikufa, mkataba ukaisha, mama akabaki. Alikuwa mfupi, mzito wa mwili, mwepesi wa hasira, na sauti yake ilifika barabarani kabla yake. Nilimwamkia shikamoo. Akanitazama mikono, si uso.

"Marahaba. Umewahi kupika pombe?"

Nikamwambia kwetu tulipika ya kulimia, mimi na mama yangu, shamba likiwa kubwa na majirani wamekuja kusaidia.

"Basi hujawahi," akasema. "Ya kulimia wananywa watu wenye kiu, hata ikiwa matope watashukuru. Leo utapika maji."

Nilidhani ananitania. Akanipa karai la bati na chungu chenye shingo nyembamba, akaniambia nitie kila kimoja vibaba kumi vya maji matupu, niviweke juu ya mafiga sawasawa, kuni sawasawa, nichemshe mpaka atakapoamua. Nilikaa pale nikitokwa na jasho, wenzangu wakikoroga mapipa na kunicheka. Alipoamua, tukaepua, tukasubiri yapoe, tukapima tena kwa kibaba. Chunguni vilikuwa vimebaki tisa na kidogo. Karaini havikufika saba.

"Haya, moto umekula wapi zaidi?"

"Kwenye karai, mama."

"Kwa nini?"

"Labda kuni za huku zilikuwa kavu zaidi."

"Kuni ulizipasua mwenyewe, gogo moja. Tazama mdomo wa chombo, Agnesi. Maji yanatokea mdomoni. Mdomo mpana, yanatoka kama watu wa sokoni. Mdomo mwembamba, yanasukumana mlangoni. Moto haukuulizi umetia maji mengi au machache. Unakuuliza umeyapa mlango gani, na umeyaacha kwa muda gani."

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na kama ningekuwa na uwezo ningelichora ukutani hapo jikoni. Mengine alinifundisha taratibu, kwa matusi kidogo. Maji yana wezi watatu, alikuwa akisema. Wa kwanza ni nafaka yenyewe: vibaba viwili vya unga, hata ukiukamua kwenye kifumbu mpaka vidole viume, machicha hushika zaidi ya kibaba kimoja cha maji na hayarudishi. Wa pili ni moto. Wa tatu ni chini ya chungu, pale palipo na matope mazito ambayo mtu mwenye adabu hamtilii mgeni. Ukitaka kujua utie maji kiasi gani, anza na unachotaka kunywa, halafu walipe wezi wote mapema. Anayeanza na maji aliyo nayo huishia kunywa anachopewa.

Alinifundisha pia ufito. Kila chombo kilikuwa na ufito wake wa mwanzi. Ulitia kibaba cha maji, ukasimamisha ufito ndani, ukakata alama pale maji yalipofika; ukatia kingine, ukakata tena, mpaka juu. Ufito wa chungu hiki haufai chungu kile, maana matumbo ya vyungu hayafanani. Nimewaona ninyi mkipima kwa macho. Mna macho mazuri, sikatai, lakini mvuke ukipanda huwa mnatazama nini?

Baada ya muda nikapelekwa kwenye kilabu cha kambi moja ya mkonge, mbele ya Pongwe ukielekea bara. Kazi ilikuwa kubwa. Watu walikuwa wa kila kabila, na Jumamosi wote waligeuka kabila moja. Maji tuliyapata kwenye tangi la shamba, na yalikuwa matamu kuliko ya visima vya Makorora, ambayo yalikuwa na chumvichumvi na yalifanya kimea, ile nafaka iliyooteshwa, kisinzie. Tulipika kwa mapipa. Mapipa yana raha yake: ukikosea kibaba kimoja hakuna anayejua, wala wewe mwenyewe. Ndiyo maana mpishi wa mapipa huharibika bila kujijua. Mwenzangu mmoja aliombwa apike kidogo tu, chungu kimoja cha ubatizo wa mjukuu wa nyapara. Akachukua kipimo cha pipa, akakigawa kwa kumi, unga kwa kumi, maji kwa kumi, akawasha moto uleule. Siku ya ubatizo wageni waliletewa kitu cha kuliwa kwa kijiko. Pipa lina mdomo mmoja kwa maji mengi, chungu kina mdomo wake kwa maji machache, na moto ulimlipisha huyo mwenzangu karibu theluthi. Nyapara alikula, akasifu, na hakutuagiza tena.

Sasa nifike kwenye lile ambalo ninyi mmelisikia nusunusu.

Pale kambini walikuwapo vijana wawili wa troli, zile zinazobeba mkonge kwenye reli ndogo kwenda mashineni. Mmoja aliitwa Yohana, Msambaa wa milimani, wa familia ya Kilutheri, mtoto wa pekee wa mama mjane. Mwingine aliitwa Athumani, mtoto wa Tongoni, Mwislamu, aliyelelewa na mama yake na mjomba wake mvuvi. Walikaa chumba kimoja na walipendana. Athumani ndiye aliyeshika breki. Siku moja baada ya mvua, kwenye mteremko, breki haikushika, troli ikaacha reli, na Yohana akafa chini ya mzigo. Wakubwa walikuja, wakatazama chuma, wakasema kijana hana kosa. Askari naye akasema hivyohivyo. Tukamzika Yohana hapo kambini, maana mvua zilikuwa zimekata njia ya milimani.

Athumani hakusema neno. Aliacha kwenda kazini, akaacha karibu kula. Mjomba wake alikuja kumchukua, naye akakataa kuondoka. Alimwambia mjomba, "Nitarudije nyumbani kwa mama yangu, na mama yake hajaniona usoni?" Nilimpelekea uji kwa mkono wangu, na nilimwona akikonda kila siku. Niliogopa sana. Niliwahi kuona mtu akifa kwa njia hiyo, bila homa wala kidonda.

Kisha mama yake Yohana akashuka kutoka milimani, pamoja na shemeji yake, baba mdogo wa marehemu, mzee mrefu mwenye koti la kanisani. Walinikuta jikoni. Mama alikuwa amebeba kikapu mwenyewe. Tulisalimiana kwa lugha za kwetu, ambazo ni ndugu, halafu akakaa kwenye kinu kilicholala, akafungua kikapu. Ndani mlikuwa na unga wa mtama, kimea chake, na vibuyu viwili.

"Mtama huu aliulima Yohana alipokuja likizo," akasema. "Ndio uliobaki."

Baba mdogo ndiye aliyeeleza sharti la ukoo wao. Mtu akifia mkononi mwa mwenzake bila kukusudia, nyumba ya marehemu hupika nafaka yake katika chungu kimoja. Hujazwa vibuyu viwili mpaka shingoni, kimoja cha nyumba hii, kimoja cha nyumba ile, wakanywa wakitazamana. Baada ya chungu kuepuliwa, hakuongezwi tone la maji. Vikijaa, mama humpa kijana mkono, na maneno yameisha. Visipojaa, kila mtu huenda zake na hilo jambo hubaki lilivyo.

"Anayeongeza maji," akasema, "ameongeza uongo. Heri kuondoka na kiu."

"Lakini baba," nikamwambia, "kijana ni Mwislamu. Pombe hanywi."

Nadhani mzee hakuwahi kuulizwa hilo huko milimani. Mama ndiye aliyejibu, akinitazama mimi.

"Mwanangu alikuwa akiniambia. Alisema, mama, mwenzangu akija kwetu mpikie togwa. Basi cha kwake kiwe togwa. Kitoke chungu hichohicho, kabla ya chachu. Waweza?"

Nikasema naweza, akatoka.

Mnaojua kazi mmeshaona ugumu. Unga na kimea kwa pamoja vilikuwa vibaba sita, na hakuna kingine popote duniani. Vibuyu nilivipima kwa maji: kila kimoja vibaba nane mpaka shingoni. Kumi na sita, basi. Machicha ya vibaba sita yangeshika vinne. Moto, kwa chungu changu chenye shingo nyembamba, ungechukua vitatu. Matope ya chini, pamoja na ya chachu baadaye, kimoja. Jumla ishirini na nne. Ningetia zaidi, togwa ingekuwa maji ya kunawia na pombe isingeumuka. Ningetia pungufu, mnajua. Nilichukua unga wa kilabu kipimo kilekile, nikajaribu, ikatoka sawasawa. Bado moyo haukutulia, nikadandia lori la singa za mkonge kwenda mjini kumwona Mama Nyamizi.

Alikuwa mgonjwa, amelala chumbani kwake Makorora, miguu imevimba. Sauti ilikuwa imepungua, hasira bado. Nikamsomea hesabu yangu. Akasikiliza akiwa amefumba macho.

"Pombe utaingoja iumuke. Hiyo togwa nayo itakaa ikikungoja?"

Hilo sikuwa nimelihesabu. Togwa ikilala nayo huanza kuchachuka yenyewe. Ikifika siku ya kunywewa ingekuwa pombe changa. Kijana angeletewa haramu na mpishi aliyejisifu.

"Nitaichemsha kila siku, mama, isichachuke."

"Haya. Umehesabu moto wa leo. Moto wa kesho na wa keshokutwa nani atauhesabu, mie?"

Akaniambia nitie kibaba cha ishirini na tano, na kila nikiichemsha togwa nifunike chungu kwa karai lenye maji baridi, ili mvuke ukigusa ubaridi urudi ndani. Nilimbusu mkono. Akauvuta. "Wee nenda, lori litakuacha," akasema. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na nimewaambieni kwa sababu yalikuwa maneno mazuri.

Nikapika. Vibaba kumi na tano vya kwanza vilikuwa vya uji. Nikauacha upoe mpaka kidole kivumilie, ndipo nikatia kimea, huku nimebakiza konzi moja ya kuchachulia, nikafunika kwa magunia. Ulipokuwa mtamu nikachuja kwa kifumbu. Vibaba kumi vya pili vya moto nilivimwagia machicha kidogokidogo, kuyaosha utamu wake wote, nikakamua, nikaongeza kwenye yale ya kwanza. Kisha moto. Mama alikuja akakaa nami. Wakati fulani aliniuliza kama aweza kukoroga, nikampa mwiko. Alikoroga akilia bila sauti, na mimi nikaenda kupasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Tulipoepua nikasimamisha ufito: kumi na nane. Sawasawa na nilivyotaka: kumi na sita vya vibuyu, kimoja cha matope, kimoja cha moto uliobaki. Nikagawa, upande wa pombe nikatia konzi ya kimea, upande wa togwa nikawa nauchemsha kila siku chini ya karai lake la maji baridi. Askari wa kambi alipoona chungu kimevikwa karai alidhani nimeanza kukeneka pombe ya moshi, ile iliyokatazwa. Akataka kifuniko kifunuliwe. Akaonja, akaonja tena kwa ajili ya sheria, ikabidi nimnyang'anye upawa.

Asubuhi ya siku yenyewe nilijaza vibuyu mbele ya baba mdogo. Pombe ilikuwa nzuri, ina povu jembamba. Togwa ilikuwa tamu, haina hata harufu ya uchachu. Vyote vikafika shingoni. Mzee akaingiza kidole kwenye kimoja, kisha kwenye kingine, akatikisa kichwa kukubali. Tukaviweka barazani pa kilabu, juu ya mkeka, tukamngoja mjomba wa Athumani kutoka Tongoni. Alichelewa. Barabara ilikuwa mbovu, na jua lilipanda tukiwa tumekaa vilevile, mama upande mmoja, Athumani upande wa pili, ameinamisha kichwa.

Mjomba alipofika, akapewa pole na maji ya kunywa, baba mdogo akasimama. Akaingiza kidole kwenye kibuyu cha pombe. Akaingiza kwenye cha togwa. Akakitoa, akakitazama. Kidole kilikuwa kikavu.

"Hiki hakijajaa," akasema.

Nikasogea, nikatazama: togwa ilikuwa imeshuka vidole viwili chini ya shingo. Hakuna aliyekigusa, wala mkeka haukuwa na unyevu. Ndipo nikavitazama vibuyu vyenyewe. Cha pombe kilikuwa cha nyumba yao, cheusi, kimenyonya pombe ya miaka na miaka. Cha togwa kilikuwa kipya, kimekaushwa kwa ajili ya mgeni, na tangu asubuhi kilikuwa kikinywa taratibu peke yake. Nilianza kueleza, nikaacha, maana maelezo hayajazi kibuyu. Chunguni hakukuwa na tone. Mtu mmoja nyuma akanong'ona kuwa kata moja tu ya maji ingetosha, na baba mdogo akageuka na kumtazama mpaka akaondoka.

Athumani akasema, mara ya kwanza kusema mbele ya watu tangu siku ile, "Basi, mzee. Nimeelewa." Akaanza kuinuka. Mjomba wake akamshika bega, na yeye mwenyewe alikuwa akilia, mzee mzima.

"Kaa," mama yake Yohana akasema.

"Shemeji," baba mdogo akasema kwa upole, "sharti unalijua. Kimepungua."

"Aliyepungukiwa hapa ni nani?"

Mzee akakitazama tena kile kidole.

"Nakuuliza, shemeji. Katika sisi wote tuliokaa hapa, aliyepungukiwa ni nani? Basi niacheni nipime mimi."

Akavuta kibuyu chake, kile kilichojaa, akakiinua kwa mikono miwili, akanywa. Hakunywa kama mtu anayeonja. Alinywa kwa muda mrefu, na tulisikia kila funda. Akakitua, akaingiza kidole chake mwenyewe, halafu akaingiza kwenye kile cha togwa. Akanywa tena kidogo. Akapima tena.

"Sasa vimelingana," akasema.

Baba mdogo alibaki amesimama. Kisha akavua koti lake la kanisani, akaliweka mkekani, akakaa.

Mama akachukua kibuyu cha togwa, akajikokota mpaka mbele ya Athumani, akampa. Kijana alikipokea akiwa amepiga magoti, akanywa, machozi yakiingia humohumo. Yule mama akamtazama mpaka akamaliza kumeza. Akamshika mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja chake, kilichochubuliwa na ile breki.

"Bado unauma?" akamuuliza.

"Unauma, mama."

"Haya," akasema. "Na mimi."